Ibn Jubayr: Safari ya toba iliyopima ustaarabu wa miji

Inasimuliwa na waandishi wa wasifu kuwa siku moja, yapata miaka mia nane na arubaini iliyopita, gavana wa mji wa Granada katika nchi ya Andalusia alimwita katibu wake ili amwandikie barua. Katibu alipoingia alimkuta mkubwa wake yuko katika kunywa mvinyo. Gavana akamnyooshea kikombe. Katibu akaomba radhi, akasema kuwa hajapata kukionja kinywaji hicho maisha yake yote. Gavana akaghadhibika, akala kiapo kuwa hatatoka mbele yake mpaka anywe vikombe saba. Katibu, kwa hofu ya mwenye amri, akanywa. Ulevi wa gavana ulipomgeuza moyo, akaamuru kikombe kile kile kijazwe dinari za dhahabu mara saba na zimiminwe mapajani mwa katibu wake.

Mtu mwingine angelihesabu kuwa amepata bahati. Lakini katibu yule, Abul-Husayn Muhammad bin Ahmad bin Jubayr, alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Alikuwa mtu wa elimu na adabu, mzaliwa wa Valencia mwaka 540 Hijria, sawa na 1145 Miladia. Aliiona dhahabu ile kuwa ni mzigo, na akaamua kuwa itatoka kwake kwa njia moja tu: kwenda kuhiji Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Akaaga kazi, na tarehe 8 Shawwal mwaka 578 Hijria, yaani 3 Februari 1183, akatoka Granada pamoja na rafiki yake tabibu, Ahmad bin Hassan.

Safari ile ilichukua miaka miwili na miezi mitatu na nusu. Katika muda huo Ibn Jubayr aliandika mwezi baada ya mwezi, kwa kuandama kwa mwezi, yale aliyoyaona baharini na nchi kavu. Kitabu chake ndicho kilichowafungulia njia wasafiri waliomfuata. Hata Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa na kwa sababu hiyo jina lake ni maarufu zaidi kwetu, safari zake zilipoandikwa kulichukuliwa sehemu kubwa za maelezo ya Ibn Jubayr kuhusu Damascus na Makka.

Lakini, ndugu msomaji, makala haya hayakusudii kuhesabu majumba na masoko tu. Mtu anayesafiri kwa toba huangalia mambo kwa jicho lingine. Ibn Jubayr alipoingia katika mji alisifu majengo yake, kisha akatazama jinsi mgeni anavyopokewa, mgonjwa anavyotazamwa, mtoto anavyofundishwa na mnyonge anavyotendewa na mwenye nguvu. Majibu aliyoyapata mara nyingine yalimfurahisha, na mara nyingine yalimtia uchungu mkubwa.

Iskandaria: karaha ya forodhani na ukarimu wa mji

Kutoka Ceuta alipanda jahazi la Wagenoa, na baada ya siku thelathini baharini, pamoja na tufani kali karibu na Sardinia, akafika Iskandaria. Jambo la kwanza lililompata katika nchi ya Waislamu wa Mashariki lilikuwa ni udhalilishaji.

Maafisa walipanda chomboni, wakaandika jina la kila Muislamu na nchi atokako. Kila mmoja akaulizwa ana bidhaa gani na fedha kiasi gani ili atozwe zaka, bila kuulizwa kama mali ile imetimiza mwaka au haijatimiza. Wengi wao walikuwa mahujaji wasio na kitu ila masurufu ya njia. Kisha wakapelekwa forodhani, pahala palipojaa watu hadi wakasongamana. Mizigo ikafunguliwa na kuchanganywa, mikono ikaingizwa mishipini mwao kutafuta kilichofichwa, na baada ya hayo wakaapishwa kuwa hawana kingine. Katika zahama ile vitu vingi vya watu vikapotea. Ibn Jubayr aliandika kuwa bila shaka Sultani Salahuddin Al-Ayyubi hakuwa na habari ya jambo hilo, na kwamba lau angelijua angeliliondoa, kama alivyokuwa ameondoa mengine makubwa zaidi.

Na hapa ndipo uadilifu wa mwandishi unapoonekana. Mtu aliyepekuliwa namna ile angeweza kuusema vibaya mji mzima. Yeye, alipotoka forodhani na kuingia mitaani, aliandika kwa insafu yale mazuri aliyoyaona. Alisifu upana wa njia zake na urefu wa majengo yake. Aliustaajabia mnara wake wa kale, ambao nuru yake huwaongoza mabaharia kutoka mbali. Aliona vyuo vilivyojengwa kwa ajili ya wanafunzi watokao nchi za mbali, kila mmoja akipewa pa kulala, mwalimu wa fani aitakayo, na posho ya kumtosha. Aliona mabafu waliyotengewa wageni, na hospitali ya kuwatibu wakiugua. Matabibu wa hospitali ile walikuwa na wasaidizi waliotumwa kwenda kuwaangalia wagonjwa wageni wasioweza au walioona haya kufika, kisha wakarudi kueleza hali zao ili watengenezewe dawa. Na kila msafiri wa Kimaghribi asiye na kitu alikadiriwa mikate miwili kwa siku.

Mambo haya yote yaliendeshwa kwa mali ya wakfu na kwa mali ya sultani. Wakfu ndio uliokuwa uti wa mgongo wa miji ile. Tajiri au mtawala aliweka shamba, duka, kinu au nyumba ya kupangisha, akaandika kuwa pato lake liende kwa wanafunzi, wagonjwa au wageni. Yeye akafariki, na mikate ikaendelea kuokwa.

Kairo na njia ya jangwani

Huko Kairo aliona hospitali ya Salahuddin, jengo lililofanana na kasri kwa uzuri. Palikuwa na msimamizi mwenye elimu aliyekabidhiwa makabati ya dawa, vyumba vyenye vitanda na matandiko kamili, na watumishi waliowazungukia wagonjwa asubuhi na jioni kuwapa chakula na vinywaji vinavyowafaa. Wanawake walikuwa na sehemu yao mbali na wanaume, na watumishi wa kuwahudumia. Na palikuwa na uwanja wa tatu, wenye vyumba vya madirisha ya chuma, kwa ajili ya waliopatwa na maradhi ya akili. Hao nao walikuwa na watu wa kuwaangalia hali zao kila siku. Sultani mwenyewe alikuwa akiuliza habari za pahala pale na kusisitiza kuwa wasimamizi wasizembee.

Msikiti mkubwa wa Ibn Tulun ulikuwa umefanywa makazi ya wageni kutoka Maghribi, wakipewa posho ya kila mwezi. Lililomshangaza zaidi ni kwamba sultani hakuweka mkono wa mtu mwingine juu yao. Waliachiwa wachague mmoja wao awe mwamuzi wa mambo yao. Mgeni pale alisaidiwa, na pamoja na msaada heshima yake ilihifadhiwa.

Kutoka Kairo alipanda mto Nile hadi Qus, kisha akakata jangwa hadi bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Sham. Njia hiyo ilikuwa mshipa wa biashara ya Bara Hindi. Alijaribu kuhesabu misafara iliyopishana nao, hasa ya pilipili manga, akashindwa. Na aliona jambo la ajabu: mizigo ya pilipili na mdalasini imewekwa kando ya njia bila mlinzi, kwa kuwa ngamia wake wamechoka au wamekufa, nayo hubaki pale salama mpaka mwenyewe arudi kuichukua, juu ya wingi wa wapitao.

Lakini Aydhab kwenyewe alikuta uovu. Hapo zamani, kabla ya Salahuddin, mahujaji walitozwa dinari saba na nusu kila kichwa, na asiyekuwa nazo aliadhibiwa vibaya. Salahuddin aliifuta kodi ile, akamfidia Amiri wa Makka kwa fedha na nafaka. Uchoyo wa wenye vyombo, hata hivyo, ulikuwa haujafutika. Waliwajaza mahujaji chomboni mpaka wakakaliana mithili ya kuku katika matundu, ili safari moja tu irudishe gharama ya chombo. Usemi wao ulikuwa kwamba kazi yao ni kuleta mbao, na kazi ya mahujaji ni kulinda roho zao.

Msomaji wa pwani yetu atavutiwa na maelezo ya vyombo hivyo. Havikupigwa msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi yaliyopondwa mpaka yakawa nyuzi, kisha chombo kikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au sifa, yaani mafuta ya papa, nayo ndiyo bora. Hii ndiyo kazi ile ile ya mtepe wa Waswahili, ambao wazee wetu waliushona kwa kamba za makumbi karne nyingi. Bahari ilikuwa moja, na maarifa yalipita kutoka pwani hadi pwani pamoja na upepo wa msimu.

Ramadhani mjini Makka

Aliingia Makka mwezi wa Rabiul-Akhir mwaka 579 Hijria, Agosti 1183, na akakaa zaidi ya miezi minane. Alistaajabu kuwa katika bonde lisilo na mazao kunapatikana matunda ya kila aina, na katika msimu wa Hija vinakutana humo vitu kutoka Bara Hindi, Uhabeshi, Iraq, Yemen, Khurasan na Maghribi. Aliona watu wa milima ya Sarat wakishuka na ngano, zabibu na samli, wasitake dinari wala dirhamu, bali kubadilishana kwa nguo. Wengi wao hawakuijua ipasavyo hata namna ya kusali, lakini walilishika pazia la Al-Kaaba kwa kilio cha ukweli kilichowaliza waliowatazama. Ibn Jubayr, mtu wa lugha fasaha, hakuwacheka.

Ramadhani aliyoieleza inafaa kusomwa na kila familia. Msikiti Mtukufu uliwashwa mishumaa na kandili mpaka ukawaka nuru, na tarawehe zikasaliwa kwa maimamu mbalimbali, kila kundi na sauti yake. Wakati wa daku mwadhini alipanda mnarani kuwaamsha watu. Juu ya mnara paliwekwa mti uliotundikwa taa mbili za kioo, zikiwaka muda wote wa kula daku. Alfajiri ilipokaribia taa ziliteremshwa na adhana ikaanza. Aliyekuwa mbali, asiyeisikia sauti ya mwadhini, aliangalia juu ya mnara kutoka darini kwake. Alipoziona taa hazipo, alijua kuwa wakati umekwisha. Katika mikesha ya mwisho wa mwezi, vijana wadogo walikhitimisha Qur'ani mbele ya watu, wakapanda mimbari na kukhutubu, huku baba zao wakiandaa karamu kwa furaha.

Baghdad iliyobaki jina, na Damascus

Baada ya Hija alizuru Madina, kisha akafuata msafara hadi Iraq. Mwezi wa Mei 1184 akaingia Baghdad, mji aliousikia tangu utotoni. Alikuta sehemu kubwa imekuwa magofu, na akaandika kuwa imebaki jina tu ukilinganisha na ilivyokuwa. Madrasa zilikuwapo, karibu thelathini upande wa mashariki, na mabafu yasiyohesabika. Lakini watu wake wengi aliwaona wenye kiburi, wanaomdharau mgeni na kudhani kuwa hakuna nchi nyingine duniani ila yao, na katika mizani zao uaminifu ulikuwa haba. Kilichompoza moyo ni majlisi za mawaidha, hasa za mwanachuoni Ibn al-Jawzi, ambapo aliwaona watu wakilia na kutubia kwa makundi. Miaka 74 baadaye, mwaka 1258, Wamongolia waliuangamiza mji huo.

Damascus ilikuwa kinyume chake. Alifika Julai 1184, akaukuta mji umezungukwa na bustani na maji yakipita kila upande. Katika mlango wa Jayrun wa Msikiti wa Bani Umayya aliona saa ya ajabu: mwewe wawili wa shaba, kila saa ikitimia wakidondosha gololi za shaba kutoka midomoni katika mabakuli, na mlango mmoja kati ya milango kumi na miwili ya saa ukijifunga. Usiku, taa iliyokuwa nyuma ya vioo ilionyesha saa kwa duara la nuru nyekundu.

Hata hivyo hakusimama kwa mwewe wale peke yao. Aliingia hospitali, akakuta makarani wakiandika katika madaftari majina ya wagonjwa na gharama za dawa na vyakula vyao, na matabibu wakifika mapema kila asubuhi kuwaangalia. Hospitali mpya ilitumia kiasi cha dinari kumi na tano kwa siku. Alikuta madrasa kama ishirini. Alikuta msikitini mamia ya watu wakipata posho kwa kusoma Qur'ani kila siku baada ya Alasiri. Alikuta kuwa mgeni mwenye haya, asiyependa kuomba, hutafutiwa kazi ndogo ya kumtunzia heshima yake: kulinda bustani, kusimamia bafu au kinu, au kuwapeleka watoto chuoni na kuwarudisha nyumbani. Aliwahimiza vijana wa nchi yake waende huko kutafuta elimu maadamu mlango uko wazi, kabla ya shughuli za familia hazijawafunga miguu.

Na aliona jambo moja la malezi lililompendeza sana. Watoto walikuwa na mwalimu wa Qur'ani na mwalimu mwingine wa mwandiko. Qur'ani walifundishwa kwa kusikilizishwa mpaka waihifadhi. Mwandiko walijifunza kwa mashairi na maneno mengine, ili mtoto anapoandika na kufuta ubao wake asichezee maneno ya Mwenyezi Mungu. Zaidi ya adabu hiyo palikuwa na faida: kila mwalimu alishughulikia fani yake tu, na watoto wakatoka na hati nzuri.

Mizani iliyogeuka

Septemba 1184 alitoka Damascus kuelekea pwani, iliyokuwa mikononi mwa Wafranki wa Vita vya Msalaba. Salahuddin alikuwa akiuzingira mji wa Karak, lakini misafara ya wafanyabiashara iliendelea kwenda na kurudi baina ya pande mbili. Karibu na ngome ya Tibnin walipita katika vijiji vya wakulima Waislamu chini ya utawala wa Wafranki. Aliuliza habari zao. Aliambiwa kuwa hutoa nusu ya mavuno, na dinari moja na kirati tano kwa kila mtu, na kodi ndogo ya miti ya matunda; nyumba na mali zao nyingine wameachiwa wenyewe. Kisha akawaangalia ndugu zao walio chini ya mabwana Waislamu, akaona jinsi wanavyonyonywa.

Uchungu wake katika kurasa hizo hausahauliki. Aliandika kwa maana kuwa huu ni katika misiba iliyowafika Waislamu: raia Muislamu kumlalamikia mtawala wa dini yake kwa dhuluma, na kumsifu adui yake kwa uadilifu. Wala hakuwa mtu wa kuwapenda Wafranki. Kila alipoutaja mji wao aliomba urejeshwe kwa Waislamu. Lakini aliona kuwa kunyamazia dhuluma ya wa kwetu si kuitetea dini.

Huko Akka alipelekwa forodhani. Makarani walikuwa Wakristo, wanaandika Kiarabu, mbele yao vidau vya wino vya mpingo vilivyonakishiwa dhahabu. Mizigo ikakaguliwa, pamoja na ya wasio na bidhaa, kwa upole na bila ya kudhalilishwa. Anayesoma kitabu hiki kwa mfululizo hawezi kuacha kuikumbuka Iskandaria.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Katika miji hiyo aliwaona mateka wa Kiislamu wanaume wakifanya kazi ngumu katika minyororo, na wanawake wakiwa na pingu za chuma miguuni. Alieleza kuwa watu wa Sham walishindana kuwakomboa, hasa wale wa Maghribi waliokuwa mbali na kwao. Sultani Nuruddin aliweka nadhiri ya dinari 12,000 kwa ajili hiyo alipougua. Na matajiri wawili wa Damascus, Nasr bin Qawam na Abud-Durr Yaqut, walijulikana kwa kutumia mali zao na wasia walizokabidhiwa ili kuwakomboa. Utajiri wa Damascus ulikuwa na maana kwa sababu ya watu wa namna hiyo.

Baba wa Trapani

Alirudi kwa jahazi kubwa lililobeba zaidi ya Wakristo elfu mbili waliotoka kuzuru Jerusalem. Desemba 1184 chombo kilivunjika katika mlango wa bahari wa Messina, kisiwani Sisilia. Mfalme William wa Pili, Mkristo aliyesoma na kuandika Kiarabu, alikuwapo mjini. Wenye mashua waliwataka abiria malipo makubwa ili wawaokoe. Mfalme alipoambiwa kuwa wamo Waislamu maskini wasio na cha kulipa, alitoa fedha kwa ajili yao wakaokolewa. Ibn Jubayr aliyaandika hayo kwa shukrani.

Palermo ilikuwa mji wa fahari, na Waislamu walikuwa na mitaa yao, misikiti, kadhi na masoko. Siku ya Krismasi aliwaona wanawake wa Kikristo wakitoka kwa hariri za dhahabu, wamejifunika mitandio, wametia hina na manukato kama wanawake wa Kiislamu. Kwa nje yote yalipendeza.

Lakini alipokaa na wenyeji faraghani alisikia mengine. Sala ya Ijumaa yenye khutba ilikuwa marufuku kwao. Kiongozi wao, Abul-Qasim bin Hammud, mtu wa nasaba na mali, alikuwa ametozwa faini hadi akafilisika, naye akasema kuwa angetamani yeye na jamaa zake wauzwe utumwani, huenda mauzo hayo yakawafikisha katika nchi ya Waislamu. Na majumbani kulikuwa na mtihani usioonekana barabarani: mtoto akikaripiwa na baba yake, au mke akikosana na mumewe, aliweza kukimbilia kanisani kwa hasira na kubatizwa, na kuanzia hapo jamaa zake hawakuwa na njia ya kumrudisha. Wazazi wakawa wanaishi kwa kuwabembeleza wana wao siku zote, kwa hofu ya neno moja litakalowapoteza.

Huko Trapani, walipokuwa wakisubiri chombo, mmoja wa waungwana wa mji alimtuma mwanawe kwa hujaji mmoja wa msafara wao. Ujumbe ulikuwa huu: amchukue binti yake. Akimpenda amuoe; asipompenda amuozeshe kwa yeyote amridhiaye katika watu wa nchi yake. Binti mwenyewe alikuwa radhi kuwaacha baba na ndugu zake, na wao walitumai kuwa siku moja wangepata njia ya kumfuata. Hujaji yule alikubali, na Ibn Jubayr na wenzake wakamtia moyo. Walibaki wakistaajabu: ni hali gani inayomfikisha baba kumtoa mtoto wake, kipande cha moyo wake, kwa mgeni atakayempeleka ng'ambo ya bahari, na kuvumilia kutomwona tena?

Hatujui binti yule aliishia wapi. Tunajua tu kwamba alikuwa mtoto wa watu wenye hadhi, katika kisiwa chenye masoko yaliyojaa, na kwamba hayo yote hayakumtuliza baba yake.

Tujipime kwa mizani yake

Ibn Jubayr alirejea Granada Aprili 1185. Alihiji tena alipopata habari kuwa Salahuddin ameikomboa Jerusalem, na mara ya tatu alisafiri mwaka 1217, baada ya kufiwa na mkewe Atika, kwani nyumba bila yeye ilikuwa imemshinda. Hakurudi tena kwao. Alifundisha na kufariki mwaka huo huo, 614 Hijria, mjini Iskandaria, mji ule ule aliopekuliwa siku ya kwanza na kuusifu siku ya pili.

Tunapozungumza juu ya miji ya Kiislamu ya zama hizo, aghalabu tunataja minara, maktaba na saa za ajabu. Hayo ni kweli na yana haki ya kutajwa. Lakini shahidi huyu aliyeyaona kwa macho anatufundisha kuuliza maswali mengine. Mgeni anapofika msikitini kwetu, nani anamuuliza amelala wapi? Mali za wakfu tulizoachiwa na wazee wetu, mapato yake yanamfikia aliyekusudiwa? Sisi tulio na dhamana ndogo, ya ofisi, ya duka au ya nyumba, anayetoka mlangoni kwetu anaisifu dini yetu au anaisikitikia? Na watoto wetu, je, wanapokaripiwa huona nyumbani kuwa ni pahala pa kurudi au pa kukimbia?

Katibu aliyelazimishwa vikombe saba aliweza kubaki Granada na dinari zake. Aliziona kuwa ni deni, akazitumia katika njia iliyomtoa kwenye aibu yake, na tukarithi kwake kitabu kinachotuhesabia mema yetu na makosa yetu kwa kipimo kimoja. Mwenyezi Mungu amrehemu, amkubalie toba yake, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia na wakazingatia. Amin.